UZI: Magofu ya Mandu, India. Fuata maji ndipo utauelewa mji

#1 Mzee wa Magofu

Wakuu, salaam. Mtu akiuliza humu kuhusu magofu ya India huelekezwa Hampi au Golconda, Mandu husahaulika. Nafungua uzi huu ili taarifa zake zikae mahali pamoja. Anayeijua sehemu hii aongeze, mwenye swali aulize.

Mandu, ambayo wenyeji huiita Mandav, ipo wilaya ya Dhar katika jimbo la Madhya Pradesh, karibu kilomita 100 kutoka jiji la Indore. Mji umekaa juu ya kipande cha safu ya Vindhya, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini umetengwa na uwanda wa Malwa kwa korongo linaloitwa Kakra Khoh. Kusini mlima unakatika ghafla, na chini kabisa ni tambarare ya Nimar na mto Narmada. Ukuta unafuata kingo za mlima kwa karibu kilomita 37, una malango 12. Ndani yake kuna kijiji hai, mashamba, mabwawa na mibuyu, na majengo ya kale yametawanyika katikati ya hayo yote. Anayefika akitarajia uzio mmoja na geti moja atazunguka nusu siku bila kujua yuko wapi.

Historia niipitie haraka, maana bila hiyo majina yatakuchanganya. Wafalme wa Paramara wa Dhar ndio waliokuwa na ngome hapa kwanza. Mwaka 1305 jeshi la Sultani Alauddin Khalji wa Delhi likaichukua Malwa. Gavana Dilawar Khan akajitangaza huru mwaka 1401, mwanawe Hoshang Shah akahamishia makao makuu Mandu, na mji ukapewa jina la Shadiabad. Mwaka 1436 ukoo wa Khalji wa Malwa ukashika kiti: Mahmud, kisha Ghiyath Shah (1469–1500), kisha Nasir Shah. Gujarat iliuteka mji mwaka 1531. Mtawala huru wa mwisho, Baz Bahadur, alishindwa na jeshi la Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, mwaka 1561. Majengo mengi utakayoyaona ni ya ile miaka mia moja na ushei ya masultani wa Malwa.

Sasa ushauri wangu mkubwa: fuata maji. Juu ya mlima huu hakuna mto. Maji waliyokunywa watu, farasi na tembo yalikuwa ya mvua, na mvua yenyewe hunyesha kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, basi. Miezi mingine yote ni akiba. Ukitembea huku ukiangalia mvua ilipodondokea, ilipopitishwa na ilipohifadhiwa, mji mzima unashikana na unaelewa kwa nini jumba fulani lipo pale lilipo. Ukitembea na orodha ya majina mkononi, utarudi na picha za makuba.

Majengo makuu yako mafungu matatu, na kila fungu lina tiketi yake. La kwanza ni Eneo la Kifalme: Jahaz Mahal, Hindola Mahal, Champa Baoli na majirani zake (mahal ni jumba, baoli ni kisima), mwendo mfupi wa miguu kutoka uwanja wa kijiji. La pili lipo kijijini penyewe: Msikiti wa Jami na kaburi la Hoshang Shah, na ng'ambo ya barabara ni Ashrafi Mahal. La tatu ni Rewa Kund, kilomita 5 hadi 6 kusini: jumba la Baz Bahadur, na banda la mpenzi wake Rupmati lililo ukingoni mwa genge. Nje ya mafungu haya kuna makaburi, misikiti na majumba mengi ambayo huingii kwa tiketi.

#2 binti_kisutu

Mzee shukrani. Nina ndugu anasoma Pune, nataka nikimtembelea tufike na huko. Inawezekana kwenda asubuhi kutoka Indore na kurudi jioni? Na usafiri wake ukoje?

#3 Nahodha wa Nchi Kavu

Dada, kwa gari la kukodi inawezekana, kwa basi usijaribu. Hesabu iko hivi. Mabasi ya upande ule huondokea stendi ya Gangwal, Indore. Ukipata la moja kwa moja shukuru, usipopata panda la Dhar kisha ubadilishe, kwa kuwa kutoka Dhar hadi Mandu ni kilomita 35 hivi. Jumla ni muda wa saa tatu hadi nne kwa upande mmoja, pamoja na kusubiri lijae. Ukitoka saa 1 asubuhi unafika saa 5, jua limeshakuwa kali, na saa 9 alasiri umeanza kuwaza gari la kurudi. Katikati hapo una muda wa fungu moja, labda moja na nusu. Rewa Kund ndiyo inayokatwa kila mara, kwa sababu iko mbali na ni ya mwisho kwenye barabara. Yaani unaondoka hujaona ule ukingo wa mlima unaoeleza kwa nini ngome ilijengwa hapa.

Lala usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Kufika Indore ni rahisi: kutoka Mumbai kuna treni ya usiku ya Avantika Express, na Pune nako kuna treni. Ukitokea Ahmedabad kuna mabasi ya kulala.

Tahadhari moja kwa watokao Gujarat. Mandvi ni bandari ya Kutch, ile inayojulikana hadi kwetu pwani kwa majahazi na kwa wafanyabiashara waliotoka huko. Mandu au Mandav ni huku mlimani. Ukilitaja jina haraka dirishani unaweza kukatiwa tiketi ya upande wa pili kabisa. Taja "Mandav, wilaya ya Dhar", au uandikiwe kwa Kihindi kwenye karatasi.

Ndani ya Mandu kodisha baiskeli kijijini. Barabara ya Rewa Kund haina milima ya kutisha, inapita kando ya bwawa la Sagar Talao, na mabaki yapo pande zote za njia. Kagua breki na upepo kabla hujalipa. Kama mna mzee au mtoto, chukueni bajaji kwa mzunguko mzima na mpatane bei pamoja na muda wa kusubiri kabla hamjakaa. Dereva akikuchukulia safari ya kwenda tu, kule Rupmati huna wa kukurudisha.

#4 Fundi Chokaa

Mzee kagusa penyewe. Naongezea upande wa ujenzi, kwa sababu maji ya Mandu yanasomeka vizuri ukijua pa kuangalia.

Anzia juu ya paa la Jahaz Mahal. Ni jengo refu, karibu mita 120 kwa mita 15 tu za upana, limebanwa kati ya mabwawa mawili, Munj Talao na Kapur Talao. Wengi hupanda, wakapiga picha, wakashuka. Wewe inama uangalie sakafu. Imeinamishwa kidogo ili mvua iende kwenye mifereji iliyochongwa, na mfereji ukifika mahali fulani unajizungusha kama konokono kabla ya kuingia kwenye birika. Mzunguko ule ni pambo, lakini una kazi yake: maji yakilazimishwa kupinda hupoteza kasi, na yakipoteza kasi mchanga na takataka hutuama kwenye mfereji, haziingii birikani. Walichuja pia kwa mchanga na mkaa. Angalia na birika lenye kingo za mapindopindo, kisha tafuta mahali maji yalipoinuliwa kutoka kisimani kwa magurudumu ya kuteka hadi juu. Paa lilikuwa sehemu ya kupokea mvua na pia sehemu ya kustarehe.

Kutoka hapo nenda Champa Baoli. Ni kisima chenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyokizunguka, matao yakitazama maji. Hewa iliyopita juu ya maji ilipoa kabla ya kuingia vyumbani, na mwezi wa Mei kule joto hufika nyuzi 40. Shuka na tochi halisi, taa ya simu haitoshi, kwa sababu njia zina giza na ngazi hazilingani kimo. Jirani yake kuna hamamu: tazama juu, mwanga unaingia kwa matundu yenye umbo la nyota, na ukutani utaona njia mbili za maji, ya moto na ya baridi.

Mbele kidogo, upande wa nyumba na duka la Gada Shah, kuna visima viwili vinavyofundisha vikiwekwa pamoja. Ujali Baoli uko wazi, una ngazi za kushuka hadi majini. Andheri Baoli umefunikwa, una ushoroba kuuzunguka na uwazi wa mwanga katikati ya dari. Ulio wazi unafikika na watu wengi kwa wakati mmoja, lakini jua linaukausha. Uliofunikwa unatunza maji na ubaridi. Walihitaji vyote viwili.

Mfumo ule ulitaka matunzo kila mwaka: kuzoa tope, kuziba nyufa kwa chokaa, kusafisha mifereji kabla ya mvua. Mfalme Jahangir wa Mughal alipokuja na msafara wake Machi 1617, mji ulikuwa umeshachakaa, kiangazi ndicho kimeanza, na maji hayakutosha. Balozi wa Uingereza Thomas Roe na padri wake Edward Terry, waliokuwa kwenye msafara huo, wameandika jinsi walivyohangaika. Mlima ni uleule na mvua ni ileile. Kilichokosekana ni utunzaji.

#5 binti_kisutu

Fundi, na Hindola Mahal kwa nini kuta zake zimelala? Picha zote zinaonekana kama jengo linataka kuanguka.

#6 Fundi Chokaa

Halitaki kuanguka, na kulala kwa kuta ndiko kunakolishikilia. Ndani kuna ukumbi mmoja mrefu uliovukwa na matao makubwa matano ya mawe yaliyobeba dari. Tao lolote husukuma kwenda nje kwenye miguu yake. Ukiweka matao mazito kwa mpangilio na kuta nyembamba za wima, kuta zitafunguka. Hapa kuta zimejengwa nene sana na kuinamishwa hadi nyuzi 77 hivi kutoka ardhini, ili msukumo wa matao uingie ardhini kupitia mwili wa ukuta. Dari limekwisha, matao yamebaki, na kuta ziko palepale. Mwishoni mwa ukumbi kuna sehemu ya kukatiza inayofanya jengo zima liwe na umbo la herufi T. Ina ghorofa, na nyuma yake kuna njia pana ya mteremko inayoitwa Hathi Chadhao, ambayo husemwa ilikuwa ya kupandia kwa tembo.

Ukitaka kuona kinyume chake, vuka barabara mbele ya Msikiti wa Jami ukaangalie Ashrafi Mahal. Kilianza kama chuo cha dini, kisha Mahmud Khalji akajenga kaburi kubwa la marumaru juu yake, na pembeni mnara wa ghorofa saba wa kukumbuka vita vyake na ufalme wa Mewar. Kazi ilifanywa kwa haraka, uzito mkubwa ukawekwa juu ya kitu ambacho hakikukusudiwa kuubeba, na karibu vyote vikaporomoka. Mnara umebaki ghorofa ya chini tu. Wageni huruka pale wakisema hakuna kitu. Mimi nasema kaa pale nusu saa: panda ngazi kubwa, tazama vipande vya marumaru na mabaki ya vigae vya buluu, kisha geuka utazame msikiti mkabala, uliokamilika mwaka 1454 na bado una nguvu zake juu ya msingi ulioinuliwa zaidi ya mita nne. Majengo mawili, enzi moja, mji mmoja.

Kaburi la Hoshang Shah liko nyuma ya msikiti. Ni kati ya makaburi ya mwanzo kabisa India kujengwa kwa marumaru nyeupe. Kwenye mwimo wa mlango kuna maandishi ya mwaka 1659 yanayowataja mafundi wa Shah Jahan, mfalme aliyejenga Taj Mahal, akiwemo Ustad Hamid, waliokuja kuzuru. Watu husema hapa ndipo Taj Mahal ilipotoka. Hilo siliungi mkono, maana maandishi yameandikwa baada ya Taj kukamilika. Yanachothibitisha ni heshima ya mafundi kwa mafundi waliowatangulia, na hiyo peke yake ni kubwa.

#7 Mzee wa Magofu

Turudi kwenye ratiba, nipendekeze mpango wa siku mbili.

Siku ya kufika, mchana, anza na fungu la kijijini kwa kuwa liko karibu na msikiti una kivuli. Jioni panda baiskeli hadi Sagar Talao, uone na makaburi na misikiti ya karibu: jumba la Dai, msikiti wa Malik Mughith wa mwaka 1432, nyumba ya wasafiri. Karibu na jumba la Dai kuna mahali penye mwangwi, simama barabarani uite.

Siku ya pili, kuwa Rewa Kund geti linapofunguliwa, maana maeneo haya huwa wazi jua linapochomoza hadi linapozama. Pitiliza jumba la Baz Bahadur, panda moja kwa moja hadi banda la Rupmati, kisha ndipo ushuke. Sababu ni ukungu wa vumbi: asubuhi hewa ikiwa safi utaiona Narmada mbali kama uzi mweupe, ila kufikia saa 4 au 5 tambarare yote imeshafunikwa. Simulizi ya Rupmati aliyekuja hapa kila siku kuutazama mto utaisikia kwa kila mwongozaji. Ujue pia kwamba jengo lilianza kama kituo cha ulinzi cha askari, na mabanda mawili ya paani yameongezwa juu yake. Ukisimama pale utaelewa mara moja, adui yeyote wa kutoka kusini angeonekana siku nzima kabla hajafika.

Ukishuka, angalia birika la Rewa Kund na mabaki ya matao yaliyopandisha maji hadi kwenye jumba la Baz Bahadur. Jumba lenyewe lina maandishi ya enzi ya Nasir Shah, 1508–1509, yaani ni la kabla ya Baz Bahadur, jina limemng'ang'ania tu. Mchana pumzika. Eneo la Kifalme liingie saa 9 alasiri, ubaki hadi wafunge.

Ukipata asubuhi ya tatu, nenda Nilkanth kusini-magharibi. Ni jumba la enzi ya Akbar lililoning'inia kwenye kingo za bonde, sasa ni hekalu la Shiva linalotumika. Unashuka ngazi, viatu unaviacha, na maji ya chemchemi bado yanapita kwenye mfereji wa kujizungusha kama ule wa Jahaz Mahal. Huu wa Nilkanth unafanya kazi mpaka leo. Kisha upande wa kaskazini, Delhi Darwaza. Barabara ya lami inaingia kupitia lango la Alamgir na lango la Bhangi, kwa hiyo Delhi Darwaza, lililokuwa lango kuu, wenye magari hawalioni. Lifikie kwa miguu, na upande ile njia ya mawe kama walivyopanda wajumbe wa zamani.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu

Mzee nakubaliana na ratiba ila umeruka msimu. Mimi nasema Mandu ni Agosti. Mabwawa yamejaa, Jahaz Mahal inakaa kati ya maji kama ilivyokusudiwa, mlima wote kijani. Ukienda Aprili au Mei, Kapur Talao ni tope na nyasi zilizokauka, na jengo halielezi chochote.

#9 Mzee wa Magofu

Agosti wingu linakaa juu ya Rupmati, unaweza kusimama pale asubuhi nzima usione hata mti wa chini ya genge. Na mawe yale meusi ya volkano yakiota ukoka wa kijani huteleza vibaya. Kwa mtu wa safari ya mara moja nampeleka Novemba hadi Februari: baridi nzuri, njia kavu, anatembea siku nzima bila kuchoka. Abebe sweta, usiku mlimani ni baridi.

#10 Fundi Chokaa

Ninyi wawili mna hoja, lakini kuna majuma ya katikati ambayo hamjayataja: mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mvua imepungua, mabwawa bado yamejaa, hewa imeoshwa, mbali panaonekana. Anayetaka kuyaelewa maji aende wakati huo. Akibanwa na likizo ya Agosti, aende Jumatatu hadi Alhamisi, kwa sababu mwisho wa wiki za mvua watu wa Indore hupanda kwa wingi, vyumba vinajaa na barabara ya mlimani inafunga foleni. Viatu viwe vya soli yenye meno, na paa la Jahaz Mahal sehemu nyingine kingo ni fupi, msisimame pembeni kwa ajili ya picha.

#11 MbuyuMkongwe

Naomba nizungumzie mibuyu, maana ndiyo inayomshangaza kila mtu wa kwetu akifika. Mandu imejaa mibuyu mikubwa, Adansonia digitata yuleyule wa Dodoma, Kilifi na Makueni. Si mti wa asili ya India. Umetoka Afrika, ukapelekwa na watu kwa njia za Bahari ya Hindi, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha mibuyu ya India haikuletwa mara moja tu. Nani hasa aliipanda Mandu, wenyeji wana simulizi zao, zinazotajwa zaidi ni za wafanyabiashara Waarabu. Na Waafrika wenyewe walifika: mwanahistoria Firishta ameandika kwamba Ghiyath Shah alikuwa na kikosi cha wanawake 500 wa Kituruki wenye pinde upande wake wa kulia, na wanawake 500 wa Kihabeshi wenye bunduki upande wa kushoto. Mwongozaji akikwambia habari za wanawake 15,000 wa harimu ya Ghiyath Shah, muulize na habari za hawa walinzi.

Matunda huuzwa barabarani kijijini, mazima, nusu nusu au ubuyu mkavu kwenye mifuko. Jina la pale ni Mandu ki imli. Ladha ni ileile ya ukali, ila haujapakwa rangi wala sukari kama ule wa mjini kwetu. Nunua uliopasuliwa mbele yako, utazame ndani: ubuyu uwe mweupe na mkavu, ukiwa na rangi ya kahawia au harufu ya uvundo unyevu umeingia. Kubeba mbegu kuvuka mipaka kuna sheria zake, kwa hiyo uleni hukohuko.

Msiandike majina kwenye magome, na msikate vipande. Miti hii imekuwa na mgogoro: wenyeji, wengi wao Wabhil, walipinga mibuyu ya eneo hili kung'olewa na kusafirishwa kwenda kupandwa kwingine, hadi Mahakama Kuu ya jimbo ikaingilia. Kwao ni mali ya eneo na ni riziki.

#12 mtoto_wa_Bujumbura

Asanteni sana. Maswali matatu: tiketi kwa mgeni ni kiasi gani, chanjo ya homa ya manjano inaulizwa kweli, na chakula kikoje kwa mtu asiyezoea pilipili?

#13 Nahodha wa Nchi Kavu

Ndugu, tiketi za Idara ya Mambo ya Kale kwa maeneo ya daraja hili zilipangwa rupia 300 kwa mgeni ukilipa taslimu, 250 ukilipa mtandaoni, na raia wa India 25 au 20. Zidisha mara tatu kwa mafungu matatu. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Bei hubadilika, hivyo hakiki kabla ya kwenda. Malipo ya simu ya kule yamejengwa kwa wenye akaunti za benki za India, na kadi ya nje hukataliwa mara nyingi, kwa hiyo toa noti Indore, nyingi zikiwa ndogo ndogo. Usitegemee mashine ya kutolea pesa ya mlimani. Droni hairuhusiwi bila kibali, na ukiwa na stendi ya kamera (tripodi) utasimamishwa getini.

Chanjo ndiyo, inaulizwa. India inadai cheti kwa wanaotoka Burundi, Rwanda, Kenya, Uganda na Congo. Sindano iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na hapo safari yote imekwisha. Mtanzania anayeunganisha ndege kwenye nchi zilizo kwenye orodha naye abebe, kadi ile ya njano ni nyepesi kubeba. Viza iombwe kwenye tovuti ya serikali inayoishia na gov.in, kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi na hutoza mara mbili.

#14 Mzee wa Magofu

Chakula: Malwa si eneo la pilipili kali kupita kiasi. Agiza dal bafla, madonge ya unga wa ngano yanayochemshwa kwanza, kisha yakaokwa na kuchovywa kwenye samli, yanaliwa na dengu. Ni mazito, usiyale kabla ya kupanda Rupmati. Chakula hasa cha huku ni dal paniya: unga wa mahindi hukandwa, ukabanwa kati ya majani na kuokwa kwenye moto wa kinyesi cha ng'ombe. Mla ugali hatapata shida nao. Huandaliwa kwa kuagiza, kwa hiyo mwambie mpishi asubuhi kama unautaka usiku. Asubuhi kuna poha, mchele uliobapwa, na jalebi.

Kwa wapenda historia ya mapishi: kitabu cha vyakula kilichotengenezwa hapa kwa ajili ya Ghiyath Shah, chenye michoro ya rangi, kipo British Library, London, na ndani yake mna namna kadhaa za kutengeneza sambusa. Sambusa ilikuwa inaandikiwa maelekezo Mandu zaidi ya miaka 500 iliyopita.

#15 Fundi Chokaa

Hatari ambazo hazijasemwa. Nyuki wakubwa wa India hutundika masega chini ya matao marefu. Ukiona kitu cheusi kinachoning'inia mithili ya mfuko, pita mbali, usipige kelele, usiwashe sigara, na punguza manukato siku hiyo. Nyani wa kijivu wenye uso mweusi hawatafuti ugomvi mpaka waone mfuko wa plastiki wenye chakula, basi usishike mfuko mkononi. Vyumba vya chini vina popo na mavi yao, jifunike pua. Nyoka hupenda vifusi baada ya mvua, kwa hiyo usitie mkono kwenye nyufa na usikate njia kwenye majani marefu kutoka kaburi moja hadi lingine hata kama linaonekana liko karibu. Na sehemu zinazotakiwa kuvuliwa viatu, mawe ya mchana yanaunguza kweli: soksi nene mfukoni.

#16 binti_kisutu

Nimeandika yote. La mwisho: malazi. Nimeona gesti za bei ya chini kijijini lakini wengine wanasema wageni hukataliwa. Ni kweli?

#17 Nahodha wa Nchi Kavu

Ni kweli, na si chuki. Sheria ya India inataka kila mwenye nyumba ya wageni amsajili mgeni wa nje kwa kujaza fomu inayojulikana kama Fomu C na kuituma mtandaoni kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24. Gesti ndogo ambayo haijajiunga na mfumo huo haina namna, itakukataa hata kama chumba kipo. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, piga simu uulize swali moja: "Mnajaza Fomu C?" Wakisita, tafuta pengine. Hoteli za shirika la utalii la jimbo zipo mbili Mandu, Malwa Resort kando ya Sagar Talao na Malwa Retreat karibu na kijiji, na zimezoea wageni. Weka nafasi mapema kwa miezi ya mvua. Beba nakala mbili za pasipoti na viza, pamoja na picha ndogo. Ndugu yako wa Pune naye ni mgeni kisheria, abebe na kibali chake cha ukaazi, siyo kitambulisho cha chuo pekee.